Mkuki na Kibali: Historia ya Bunduki za Raia Kajiado

Katiba ya Kenya ya 2010 imewapa wananchi sura nzima ya haki, Sura ya Nne, na ndani yake hakuna haki ya kumiliki bunduki. Kifungu cha 37 kinamruhusu mtu kukusanyika na kuandamana, mradi aende kwa amani na bila silaha. Hapo ndipo Kenya inapoachana na Marekani, ambako Marekebisho ya Pili ya Katiba, yaliyoidhinishwa 1791, yamekuwa ngao ya watetezi wa bunduki. Kwetu bunduki ya raia ni kibali cha serikali: hutolewa, na huweza kufutwa. Linalobaki ni kujua nani hupewa. Umaasai wa kusini, kuanzia Ngong hadi Loitokitok chini ya Kilimanjaro, umeshuhudia majibu ya swali hilo kwa zaidi ya karne moja, na hayapendezi: kibali kilifuata kwanza rangi, kisha cheo.

Bunduki ilifika Umaasaini kutoka pwani. Misafara ya pembe za ndovu ilibeba magobore, lakini hayakuwapa wafanyabiashara ubwana wa nyika. Walilipa hongo ya shanga, waya na nguo ili wapite. Kujaza gobore kulichukua muda, na morani aliyekwisha kukaribia hakusubiri. Mizani ilibadilika zilipoingia bunduki za Ulaya zilizofyatuka haraka. Mwaka 1890 mataifa yaliyokutana Brussels yalikubaliana kuzuia silaha hizo zisiwafikie Waafrika katika eneo lililo kati ya latitudo ya 20 kaskazini na ya 22 kusini. Sababu iliyotajwa ilikuwa kukomesha biashara ya watumwa. Sababu hiyo haikuwa ya uongo, lakini mkataba ulifanya kazi nyingine pia: uliacha silaha bora mikononi mwa wale waliokuwa wakigawana bara.

Tofauti hiyo ilionekana katika bonde la Kedong, ng'ambo ya milima ya Ngong, Novemba 1895. Msafara mkubwa wa Waswahili na Wakikuyu uligombana na Wamaasai, na mamia ya wapagazi wakauawa kwa mikuki. Andrew Dick, mfanyabiashara Mskoti aliyekuwa karibu, alichukua bunduki yake akaenda kulipiza kisasi. Hakuwa askari wala hakutumwa na serikali. Inasemwa aliua Wamaasai karibu mia moja kabla naye hajauawa. Uchunguzi wa Waingereza ulipata kwamba msafara ndio ulioanza uchokozi, na Wamaasai hawakuadhibiwa kwa vita. Hata hivyo somo la bunduki moja lilikuwa limekwisha kutolewa, kwa watu waliokuwa wamedhoofishwa na sotoka na ndui. Laiboni Olonana, kiongozi wao wa kiroho, alishikilia njia ya mapatano. Mikataba ya 1904 na 1911 iliwahamisha Wamaasai kutoka Bonde la Ufa la kati na Laikipia hadi hifadhi ya kusini, ambamo ndimo ilimo Kajiado ya leo. Mlowezi aliyekuja nyuma yao alikaa shambani na bunduki yake.

Sheria ya Silaha inayotumika hadi sasa, sura ya 114, ilitungwa 1953, Kenya ikiwa ndani ya Hali ya Hatari iliyotangazwa Oktoba 1952 kukabili uasi wa Mau Mau. Chini ya kanuni za wakati huo, Mwafrika aliyekutwa na bastola au hata risasi bila ruhusa aliweza kunyongwa. Kati ya watu 1,090 walionyongwa kwa makosa yaliyohusishwa na Mau Mau, 472 walihukumiwa kwa kupatikana na silaha au risasi. Dedan Kimathi mwenyewe, kiongozi wa Mau Mau aliyenyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957, alishtakiwa kwa kumiliki bastola.

Mwishoni mwa 1953, mwaka uleule wa sheria hiyo, mwandishi Mmarekani Ernest Hemingway alipiga kambi karibu na vinamasi vya Kimana, mwendo mfupi kutoka Loitokitok. Alikuja na bunduki za kuwindia, akapewa na wadhifa wa heshima wa mlinzi wa wanyamapori. Hakuna aliyemwonea shaka. Koloni moja, mwaka mmoja, chombo kimoja: kwa mmoja kilikuwa starehe, kwa mwingine kitanzi.

Uhuru haukuifuta sheria, uliirithi. Afisa wa leseni alipaswa kuridhika kwamba mwombaji ana sababu nzuri, si mlevi na ana akili timamu, na uamuzi uliachwa mikononi mwake. Uwindaji wa leseni uliendelea hadi 1977 ulipopigwa marufuku nchini kote. Tangu hapo, bunduki halali porini Amboseli ni ya askari wa serikali. Tanzania ilichagua njia nyingine na bado inauza vibali vya kuwindia. Tembo hawajui mpaka. Mwaka 1994 madume watatu waliojulikana Amboseli walipigwa risasi Enduimet, upande wa Tanzania, na kati ya 2023 na 2024 wakauawa wengine watano, ugomvi kuhusu uwindaji huo ukafufuka upya.

Mfugaji wa Mbirikani au Kimana, aliye jirani wa karibu zaidi wa simba, amebaki na mkuki. Juni 2012 simba sita waliotoka Mbuga ya Nairobi waliuawa Kitengela baada ya kula mbuzi. Mei 2023 simba kumi waliuawa eneo la Amboseli katika muda wa wiki moja, akiwemo Loonkiito mwenye umri wa miaka 19. Wanaotaka wafugaji waruhusiwe bunduki hupata hoja hapa, lakini matukio hayohayo yanaweza kusomwa kinyume: ikiwa mikuki imemaliza simba kumi kwa wiki, bunduki ingefanya nini? Kilichosaidia zaidi ni fidia ya mifugo, iliyoanza Mbirikani 2003, na wamorani walioajiriwa kuwalinda simba.

Kuhusu cheo, kesi ya Thomas Cholmondeley, wa ukoo wa Lord Delamere, bado inauma. Mwaka 2005, katika shamba la Soysambu, alimuua kwa risasi askari wa wanyamapori Samson ole Sisina, Mmaasai aliyekuwa kazini bila sare. Mwanasheria Mkuu aliondoa mashtaka, na Wamaasai wakaandamana. Mwaka uliofuata Cholmondeley alimuua Robert Njoya kwa risasi katika shamba hilohilo. Mwaka 2009 alihukumiwa miezi minane kwa kuua bila kukusudia.

Wanaotetea bunduki ya raia nao wana ushahidi wao. Tarehe 21 Septemba 2013, magaidi walipovamia jumba la maduka la Westgate jijini Nairobi, raia wenye leseni, miongoni mwao Abdul Haji, waliingia na bastola zao wakawatoa watu kabla vikosi havijapanga mambo. Mwenye duka Kitengela anayefunga usiku akiwa na mauzo ya siku hukumbuka hilo. Serikali ilijibu wasiwasi wa wanaohofia bunduki hizo Desemba 2018, pale Waziri Fred Matiang'i alipoamuru wamiliki wote wahakikiwe upya ndani ya siku 90.

Lakini wenye leseni ni wachache mno. Shirika la Small Arms Survey lilikadiria kwamba mwaka 2017 raia wa Kenya walikuwa na bunduki 750,000, na zilizosajiliwa hazikufika 9,000. Ndiyo maana serikali huteketeza silaha haramu hadharani: 5,250 zilichomwa Ngong Novemba 2016, na zaidi ya 5,000 Juni 2021. Kuchoma kunapunguza idadi. Hakugusi malalamiko ya zamani, kwamba kibali halali hupatikana kwa kujulikana.

Kwa hiyo sioni faida ya kuiga haki ya Marekani, wala ya kudai kwamba kibali chetu hakina kasoro. Nchi iliyowanyonga watu kwa risasi moja huku ikimpa mgeni wadhifa wa mlinzi ina deni la kuonyesha kipimo chake. Vigezo vya "sababu nzuri" vitangazwe, anayekataliwa aelezwe kwa maandishi, na mwenye leseni anayeua ashtakiwe kama mtu mwingine yeyote, awe mwenye shamba Naivasha au mchunga ng'ombe Rombo. Kibali kinachotolewa kwa kipimo kimoja kinaweza kutetewa mbele ya Mmaasai. Kile cha zamani hakikuweza.