Asis na Udeisti: Imani katika Mwenendo wa Wakalenjin

Mwaka 1624 mwanafalsafa Edward Herbert alichapisha De Veritate, kitabu kilichoshikilia kwamba uadilifu ndio kiini cha ibada. Udeisti uliochipuka baadaye ulimwamini Mungu muumba pasi na kasisi wala ufunuo. Kijuujuu, Wakalenjin wa Bonde la Ufa, kuanzia Baringo, kaskazini mwa Nakuru, hadi Kericho, waelekea kufanana na wadeisti: Asis, Mungu anayehusishwa na jua, hakujengewa hekalu.

Hata hivyo, mfanano huo unapotosha. Sala ambazo A. C. Hollis alizinakili katika The Nandi (1909) zinaomba afya, watoto na ng'ombe. Mungu wa wadeisti wengi haombwi hivyo, kwani haingilii ulimwengu aliouumba. Miongoni mwa Wakipsigis, mabwaita, yaani madhabahu ya matawi, ilisimama nje ya nyumba, penye shughuli za kila siku.

Mwaka 1970 Okot p'Bitek aliwakosoa wasomi walioivika miungu ya Kiafrika mavazi ya Kiyunani. Onyo hilo lahusu pia vazi la udeisti. Mhakiki wa fasihi simulizi hana budi kuanzia kwenye ombi lenyewe. Ndilo linalobainisha kwamba mwenendo mwema ulikuwa sehemu ya mazungumzo na Mungu asikiaye, si mbadala wake.