Dhahabu na Zebaki: Historia ya Metali Mbili, Kutoka Mara Hata Leiden

Dhahabu, fedha na zebaki ni maneno matatu ya Kiswahili ambayo asili yake ni Kiarabu. Katika wilaya za Tarime na Serengeti, mkoani Mara, maneno haya hayakubaki vitabuni, bali yameshikamana na ardhi na kazi za watu. Katika nyika ya Serengeti kiko Kilimafedha, mahali palipochimbwa wakati wa utawala wa Wajerumani. Kwanza fedha ni jina la metali nyeupe, kisha likawa jina la sarafu na mali. Lakini kilichotafutwa pale kilikuwa dhahabu; kwa hiyo jina la kilima hicho lafahamika vema zaidi kwa maana yake ya pili.

Miamba ya sehemu hizo ni ya kale mno, umri wake umepita miaka bilioni mbili na nusu, na dhahabu yake aghalabu imejificha katika punje ndogo zisizoonekana kwa macho. Mwaka wa 2002 mgodi mkubwa wa North Mara, ulioko Nyamongo wilayani Tarime, ulianza kutoa dhahabu kwa mitambo. Na kwa makubaliano ya mwaka wa 2019 ukawa wa ubia baina ya kampuni ya Barrick na serikali ya Tanzania. Lakini pembeni mwa migodi mikubwa wako wachimbaji wadogo, ambao mtaji wao ni sururu, nyundo, maji na zebaki.

Kazi yao ni hivi. Mawe husagwa yakawa unga, unga huoshwa kwa maji, kisha zebaki hutiwa ndani yake. Zebaki huzinasa punje za dhahabu, zikawa donge moja. Donge hilo hukamuliwa katika kitambaa, halafu huchomwa motoni: zebaki huondoka kwa mvuke, dhahabu ikabaki. Mvuke huo hauonekani wala haunuki, nao huingia kifuani mwa mchomaji na mwa watoto walio karibu, ukadhuru neva na mafigo. Sehemu nyingine huishia mitoni na katika samaki.

Mbali sana na Mara, mjini Leiden katika nchi ya Uholanzi, metali hizo mbili zilikutana kwa namna nyingine. Mwaka wa 1908 Heike Kamerlingh Onnes alifaulu kuigeuza gesi ya heli ikawa kioevu, na kwa baridi hiyo akataka kujua umeme hupitaje katika metali. Alipima platini na dhahabu. Kizuizi cha umeme kilipungua, lakini hakikwisha, kwa sababu ya uchafu mdogo uliobaki katika metali. Ndipo akachagua zebaki, maana ilikuwa rahisi kuitakasa: huchemshwa katika chombo kilichofungwa, mvuke wake hupozwa, ikatona tena ikiwa safi. Mwaka wa 1911, katika baridi ya nyuzi 269 hivi chini ya sifuri, kizuizi cha umeme katika zebaki kilitoweka ghafula. Dhahabu safi, ambayo hupitisha umeme vizuri sana katika joto la kawaida, haijaonyesha tabia hiyo.

Kwa muda mrefu ajabu hiyo ilipimwa tu, sababu zake zisionekane. Mwaka wa 1931 Ernst Ruska na Max Knoll wa Berlin walitengeneza hadubini inayotumia elektroni badala ya mwanga. Mwaka wa 1986, ambao Ruska alipewa Tuzo ya Nobel, ndio mwaka ambao Georg Bednorz na Alex Müller, karibu na Zürich, waligundua aina mpya ya vitu vipitishavyo umeme bila kizuizi, vilivyoundwa kwa shaba na oksijeni. Hadubini ya elektroni iliwaonyesha wataalamu tabaka za shaba na oksijeni zilivyopangwa, na mipaka ya punje ambapo mkondo wa umeme hukwama. Mwaka wa 1993 zebaki ilirudi tena uwanjani: mchanganyiko wake na bari, kalisi, shaba na oksijeni ulipitisha umeme bila kizuizi katika nyuzi 140 hivi chini ya sifuri, joto lililozidi yote yaliyojulikana kabla ya hapo.

Dhahabu nayo haikuachwa nje. Kitu kisichopitisha umeme, kabla ya kutazamwa kwa hadubini ya elektroni, mara nyingi hupakwa utando mwembamba wa dhahabu, ili elektroni zisirundikane juu yake zikaharibu picha.

Basi historia hii ina funzo. Katika maabara zebaki hufungwa ndani ya kioo, na anayeishika hulindwa. Kando ya maduara ya Mara hushikwa kwa mikono mitupu. Mapatano ya Minamata ya mwaka wa 2013, ambayo Tanzania iliyathibitisha mwaka wa 2020, yanataka matumizi ya zebaki machimboni yapunguzwe, na inapowezekana yakomeshwe. Lakini mchimbaji hataiacha kwa kuambiwa tu, maana ndiyo impayo chakula cha jioni. Wakati njia nyingine haijamfikia, hapana budi afikishiwe walau chombo cha kuchomea kilichofungwa, chenye bomba la kupozea mvuke. Humo zebaki hutona ikarudi chupani, na mchomaji hasipotezi mali wala afya yake. Kanuni ya chombo hicho ndiyo ile ile iliyotumika Leiden kabla ya mwaka wa 1911. Elimu hiyo imekwisha pita miaka mia na zaidi. Safari yake ya kufika Nyamongo ndiyo iliyochelewa.