Joe Louis: Hakushindwa na Ngumi Peke Yake

Usiku wa tarehe 22 Juni 1938, mbele ya watu wapatao 70,000 katika uwanja wa Yankee jijini New York, Joe Louis alihitaji sekunde 124 tu. Max Schmeling wa Ujerumani, aliyemchapa kwa KO miaka miwili kabla, alienda chini mara tatu, na pambano likaishia raundi ya kwanza. Harlem, mtaa wa watu weusi jijini humo, ililipuka kwa shangwe.

Louis alizaliwa Alabama mwaka 1914, katika familia iliyolima shamba la watu, akakulia Detroit. Alitwaa ubingwa wa dunia wa uzito wa juu mwaka 1937 kwa kumwangusha James Braddock, akaushikilia karibu miaka 12 na kuutetea mara 25. Hakuna bondia wa uzito huo aliyeifikia rekodi hiyo.

Nje ya ulingo, fedha hazikukaa mkononi. Mameneja walikata fungu lao, ndugu na marafiki hawakurudi mikono mitupu, na gofu ya kuwekeana dau ikala nyingine. Januari 1942 alimpiga Buddy Baer, kisha malipo yake yote akayatoa kwa mfuko wa misaada wa jeshi la majini, jeshi ambalo wakati huo lilimpokea mtu mweusi kwa kazi za jikoni na mezani tu. Siku chache baadaye naye akajiunga na jeshi la nchi kavu.

Vita Vikuu vya Pili vilipokwisha, wakusanya kodi walimfuata. Kufikia 1950 alidaiwa zaidi ya dola 500,000, na riba ikazidi kulipandisha deni. Ndiyo maana alirudi ulingoni baada ya kustaafu. Ezzard Charles akamshinda kwa pointi. Mwaka 1951, Louis akiwa na miaka 37, Rocky Marciano akamwangusha raundi ya nane. Mama yake alipofariki mwaka 1953, hata dola mia sita na ushei alizomwachia zilichukuliwa kulipia kodi.

Bingwa akageukia mieleka ya maonyesho. Baadaye dawa za kulevya na maradhi ya akili vikamwandama, na mwaka 1970 akalazwa hospitali huko Colorado. Miaka yake ya mwisho aliajiriwa kupokea wageni katika kasino ya Caesars Palace, Las Vegas.

Alifariki Aprili 1981. Rais Ronald Reagan aliidhinisha azikwe katika makaburi ya kitaifa ya Arlington kwa heshima za kijeshi, na Schmeling, hasimu aliyegeuka rafiki, akachangia gharama za mazishi. Heshima hiyo Louis aliistahili. Lakini msamaha wa kodi ungemfaa zaidi akiwa hai, na asingelazimika kusimama mbele ya Marciano.