Bei ya kusafisha depo: tujifunze kwa dumuzi

Bandugu, hapa Kirolirwe tukiitwa kusafisha depo ya mahindi, tunapatana bei kwa kuangalia sakafu tu. Historia inatukatalia. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, huko Tabora, Tanzania, kulionekana dumuzi, mududu aliyetoka Amerika ya Kati. Wakulima walimuita Scania, jina la lori (mutu wa njaa hakosi utani). Walizoea kuweka mahindi kwenye magunzi. Wakaambiwa wapukuchue, wachanganye na dawa, na wachome masalio ya zamani mbele mavuno mapya hayajaingia. Lakini dumuzi anatoboa hata mbao, anajificha ndani. Ndiyo maana mimi nikiulizwa bei, nahesabu kwanza nyufa, nguzo na magunia ya zamani. Sakafu inakuja nyuma.