Ruhusa, idhini, kibali

Maneno haya matatu tuliyapata kwa Waarabu, kisha tukayagawia kazi. Ruhusa huombwa kwa mdomo: mwanafunzi ananyoosha kidole, anatoka. Kibali ni karatasi yenye muhuri, kama kile cha utafiti kinachotolewa na COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia ya Tanzania. Idhini ni kauli ya mwenye mali kwamba ameridhia, ndiyo maana vitabu vya kitaaluma huonya dhidi ya kunakili "bila idhini ya maandishi".

Lakini mwenye mali ni nani? Mwaka juzi nilitaka kuingiza kitabuni jedwali kutoka makala yangu ya zamani. Mhariri akauliza, "Idhini iko wapi?" Nikacheka, jedwali nililichora mwenyewe, usiku, umeme umekatika. Kumbe hakimiliki niliikabidhi kwa saini siku jarida lilipoipokea makala. (Nani husoma fomu zile?) Kunukuu sentensi mbili na kutaja chanzo kusingenisumbua, jedwali zima ni habari nyingine. Nikamwandikia mchapishaji wa jarida: ukurasa, idadi ya nakala, lugha ya toleo. Wiki sita baadaye likaja jibu la mstari mmoja: "Ruhusa imetolewa."

Mhariri akaliweka kwenye faili la idhini.