Washauri Nasaha Binafsi katika Mipango ya Usaidizi kwa Wafanyakazi: Masharti na Haki

Mpango wa usaidizi kwa wafanyakazi ni utaratibu ambao mwajiri hugharimia ushauri nasaha kwa wafanyakazi wake, na mara nyingi kwa familia zao pia, wanapokabiliwa na msongo wa mawazo, msiba, ulevi, madeni au migogoro ya ndoa. Utaratibu huu una chimbuko lake Marekani katika miaka ya 1940, ambapo baadhi ya viwanda vilianza kuwasaidia wafanyakazi waliotopea katika ulevi badala ya kuwaachisha kazi. Mwaka 2022, Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa siku bilioni 12 za kazi hupotea duniani kila mwaka kutokana na sonona na wasiwasi uliokithiri.

Utaratibu wa huduma

Kwa kawaida mwajiri huingia mkataba na kampuni inayosimamia mpango, nayo huwatumia washauri nasaha na wanasaikolojia wenye ofisi binafsi. Mfanyakazi hupiga simu, hupangiwa mshauri, kisha huhudhuria vikao vichache bila malipo. Mshauri hulipwa na kampuni kwa kila kikao, aghalabu kwa kiwango kilicho chini ya ada yake ya kawaida, lakini hupata wateja ambao pengine wasingemudu kumlipa.

Masharti ya kujiunga

Nchini Kenya, Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia ya mwaka 2014 inamtaka kila anayetoa huduma hizo awe amesajiliwa na kupewa leseni. Kabla ya kutia saini, mshauri anapaswa kuhakikisha mkataba unabainisha idadi ya vikao, muda wa malipo, na hatua zitakazofuatwa iwapo mteja atahitaji matibabu zaidi baada ya vikao kwisha. Mteja mwenye dalili kali hapaswi kuachwa njiani kwa sababu tu vikao vilivyolipiwa vimemalizika.

Usiri wa mteja

Suala zito zaidi ni usiri. Ingawa mwajiri ndiye anayelipa, mteja ni mfanyakazi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inazihesabu taarifa za afya kuwa taarifa nyeti. Kwa hiyo, ripoti inayomfikia mwajiri inapaswa kuwa ya takwimu za jumla pekee, isiyotaja majina. Katika kituo chenye wafanyakazi wachache, hata takwimu hizo zinaweza kumfichua mhusika, hivyo zahitaji uangalifu. Usiri huweza kulegezwa pale maisha yanapokuwa hatarini au mahakama inapoamuru, na mteja anastahili kuelezwa hayo mapema.

Mfanyakazi anayeogopa kwamba maneno yake yatafika kwa msimamizi hatajitokeza, na mpango utabaki wa karatasi tu. Kwa sababu hiyo, kila mfanyakazi ana haki ya kuuliza, kabla ya kikao cha kwanza, iwapo mshauri ana leseni, ni nani atakayeona kumbukumbu zake, na vikao vingapi vimegharimiwa.