Kisima cha Ogale

Leo katika historia tutasoma habari za kisima. Fungueni madaftari, mwandike juu ya ukurasa neno moja: OGALE.

Ogale ni mahali katika nchi ya Waogoni, kusini ya Nigeria, katika delta ya mto Niger. Mafuta ya kufaa biashara yalipatikana katika delta hiyo mwaka 1956, huko Oloibiri. Mwaka 1958 yakapatikana na Uogoni. Mabomba yakalazwa kati ya mashamba na vijiji. Mengine yalivuja, mengine yalipasuka, mengine yalitobolewa na wezi. Mwaka 1993 uchimbaji wa mafuta Uogoni ulikoma, lakini mabomba yalibaki.

Je, mafuta yakimwagika huenda wapi? Mwaga mafuta ya taa kidogo juu ya mchanga. Baada ya kitambo huyaoni tena. Usidhani yamekwisha, yameshuka. Yakiwa mengi hushuka hata yafikie maji yaliyo chini ya ardhi, nayo ndiyo tunayoteka kisimani. Mafuta ni mepesi kuliko maji, basi huelea. Lakini sehemu yake huyeyuka ndani ya maji. Kitu kimoja kinachoyeyuka hivyo huitwa benzini, nacho chaweza kuleta saratani ya damu. Benzini haina rangi. Maji yaweza kuwa maangavu, na sumu imo. Kuyachemsha huua vijidudu vya kuhara, lakini si dawa ya mafuta.

Serikali ya Nigeria iliomba Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, lenye makao yake Nairobi, lipime nchi ya Waogoni. Kazi ilichukua miezi 14. Wataalamu walikagua mahali zaidi ya 200, wakachimba visima 142 vya kupimia tu, si vya kunywa.

Maji ya namna hii hupimwaje? Kwanza kipimo huteremshwa kisimani, kijulikane kina cha maji, na kama juu yake pana mafuta. Kisha maji yaliyotuama hutolewa, ili yaingie mapya yatokayo ardhini. Haya mapya ndiyo yatiwayo katika chupa safi ya kioo. Chupa hujazwa mpaka isibaki hewa ndani, maana benzini huruka upesi. Huandikwa mahali, siku na saa, ikawekwa penye baridi, ikapelekwa maabara. Chupa isiyoandikwa haina faida, hata ikiwa imejazwa vizuri namna gani. Basi ninyi mnaojifunza kuandika, angalieni: kazi yote hii husimama juu ya kijikaratasi kilichobandikwa chupani.

Taarifa ilitolewa Agosti 2011. Huko Ogale, karibu na bomba la mafuta, watu walikuwa wakinywa maji ya visima yenye benzini zaidi ya mara 900 ya kiasi kilichowekwa na Shirika la Afya Duniani. Juu ya maji ya ardhini yalielea mafuta, unene wa sentimita 8.

Wenyeji hawakushangaa. Walijua kwamba maji yao yameharibika. Waliendelea kuyanywa, kuyapikia na kuyaogea kwa kuwa hawakuwa na mengine.

Labda utauliza: kama walijua, kupima kulikuwa na faida gani? Harufu huisikia aliye karibu na kisima. Hesabu iliyoandikwa husomwa na aliye mbali, wala hawezi kusema ni maneno ya watu tu. Wataalamu walishauri watu wa Ogale wapewe maji mengine mara moja. Walisema pia kwamba kuisafisha nchi ile kwaweza kuchukua miaka 25 hata 30. Serikali ilizindua kazi ya kusafisha Juni 2016, karibu miaka 5 baada ya taarifa. Kumbukeni, basi: kupima si kusafisha. Hesabu huonyesha deni. Kulilipa ni kazi nyingine.

Maswali ya darasani:
1. Kwa nini chupa hujazwa mpaka isibaki hewa?
2. Kwa nini watu wa Ogale waliendelea kunywa maji yale?
3. Kisima chenu kiko mbali gani na mahali panapowekwa au kuuzwa mafuta? Pimeni kwa hatua, mwandike.